Barua ya wazi kwa baraza la mji: mteremko wa bluberi usifyekwe tena mwezi wa saba

Kwa waheshimiwa wajumbe wa baraza la mji wetu, na kwa yeyote anayesimamia bustani na viwanja vya umma.

YAH: BLUBERI ZA MWITU ZILIZOKO NYUMA YA UWANJA WA MPIRA

Waheshimiwa,

Kila majira ya baridi mnatubandikia matangazo kwa Kiswahili. Magari yasilale barabarani theluji ikianguka, taka zitolewe siku fulani, watoto wasikanyage mto ulioganda. Nashukuru. Mwaka wetu wa kwanza hapa Maine, Marekani, kulikuta neno "theluji" kwenye ubao wa ofisi ya mji kulinifariji kuliko mablanketi tuliyopewa. Basi kwa kuwa watu wa kutafsiri mnao, leo nami nawaandikia kwa lugha hiyohiyo, na barua naiweka wazi ili Waswahili wenzangu wa hapa, Wakongo, Warundi na wengine, waisome kabla haijafika mezani kwenu.

Jambo lenyewe kwa kimo ni dogo, halifiki gotini. Nyuma ya uwanja wa mpira kuna mteremko wa mchanga na changarawe unaotazama kusini. Nyasi hazijawahi kushika pale. Kila mwezi wa nne vijana wenu wanakuja na magunia ya mbegu, chokaa na mbolea, na kila mwezi wa nane nyasi zimeshakuwa rangi ya mkeka wa zamani. Kinachostawi bila kubembelezwa ni vichaka vidogo vya majani membamba, vimetandaa kama zulia lililochanika huku na huku. Bibi mmoja jirani yetu, mzaliwa wa hapahapa, ndiye aliyetuambia kwamba hizo ni bluberi za mwitu, tunda dogo la buluu, na kwamba zilikuwepo kabla ya uwanja.

Mwaka jana, wiki ya tatu ya mwezi wa saba, zilikuwa zimeanza kugeuka. Bluberi haiivi kwa mara moja. Inatoka kijani, inapata wekundu mashavuni kama embe dodo, inakuwa zambarau, halafu ndiyo inaingia buluu yenye unga mweupe juu, unga ambao ukiupangusa kwa kidole chini yake unakuta weusi unaong'aa. Binti yangu alikuwa anazikagua kila jioni kama mtu mwenye shamba lake. Alhamisi moja alirudi akaniambia, "Baba, wamekata." Nilidhani ametia chumvi, nikaenda mwenyewe. Mashine ilikuwa imepita kwa mistari iliyonyooka, kazi safi kabisa. Dereva simlaumu, maana alitumwa kukata nyasi naye akakata alichokuta. Matunda mabichi yalikuwa yamesagwa na vumbi, na kindi mmoja mdogo, wale wa mistari mgongoni wanaoishi kwenye mashimo, alikuwa anakimbia huku na huku akijaza mashavu kwa haraka, kama mtu anayeokoa vyombo nyumba inapoungua.

Mwezi uliofuata nikaona la pili. Mbele ya jengo la mji mmepanda bluberi ndefu, zile za dukani zinazofika kifua cha mtu, na mmezifunika wavu ndege wasile. Nilikuwa napita alfajiri kwenda kazini nikasikia sauti kama ya paka. Hakuwa paka. Alikuwa ndege wa kijivu mwenye kofia nyeusi, ambaye wenyeji humwita ndege-paka kwa mlio wake, amenasa bawa na mguu kwenye wavu na amejizungusha mpaka uzi umeingia ndani ya manyoya. Nilimkata nyuzi kwa mkasi wa kucha, dakika kumi, mkono mmoja umemshika. Moyo wake ulikuwa unapiga kama cherehani. Aliruka, ila sijui alifika wapi.

Ugomvi na bluberi ndefu sina. Nazo asili yake ni bara hili. Ninachouliza ni hesabu tu. Mji unatoa pesa kupanda tunda moja kisha unanunua wavu wa kuwafukuza ndege, na mji huohuo unatoa pesa nyingine kufyeka tunda ambalo ndege wangekula bure na likabaki la watu. Na tunda lenyewe si la kuokoteza. Mwaka 1991 jimbo la Maine liliitangaza bluberi ya mwitu kuwa tunda lake rasmi. Mwaka 2011 hata pai yake ikapewa cheo. Sijawahi kuona chakula chenye vyeti vingi namna hii kikipitiwa na mashine ya kukata nyasi.

Mwaka wetu wa pili nilikwenda kuvuna bluberi huko Washington County, mashariki kabisa ya jimbo, ambako kuna nyanda za mchanga zilizoachwa na barafu ilipoyeyuka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Udongo wenyewe maskini, mahindi yangelia pale. Lakini bluberi zimejaa mpaka upeo wa macho, na karibu zote hakuna aliyezipanda. Wakulima hupalilia na kutunza kilichojiotea. Kazi unaianza alfajiri umeinama, na reki ya chuma yenye meno yaliyobanana kama kitana. Unaisukuma chini ya matawi na kuiinua kwa kugeuza kiganja. Ukikosea unang'oa majani. Ukipatia, matunda yanamiminika ndani kwa sauti ya mchele unaopepetwa. Siku hizi mashine zimechukua sehemu kubwa ya kazi ile, lakini kwenye mawe na vilima bado wanahitaji migongo. Tulilipwa kwa sanduku, na mgongo wangu haujasahau.

Huko ndiko nilikojifunza kwamba watu wa Wabanaki, wenye nchi hii kabla ya wote, walikuwa wakizichoma moto nyanda hizo kwa makusudi ili bluberi zichipue upya. Wapassamaquoddy, mmoja wa watu hao wa Wabanaki, hadi leo wana mashamba yao makubwa ya bluberi huko. Kwetu Fizi, huko Kongo, mtu akichoma majani ya mlimani kabla ya mvua, anajua anachotafuta ni chipukizi. Sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Siri iko chini. Kinachoonekana juu, kwa kawaida sentimita 15 hadi 45, ni sehemu ndogo ya mmea. Mwili wake mkubwa ni mashina yanayotambaa ndani ya udongo kama tangawizi, yakitoa machipukizi hapa na pale. Kiraka kizima chenye upana wa sebule kinaweza kuwa mmea mmoja. Nendeni pale mwezi wa kumi mtaona wenyewe, majani yakishageuka. Kiraka hiki chekundu kama pilipili, cha pembeni yake rangi ya damu ya mzee, kingine kimechelewa bado kijani, na mipaka kati yao imenyooka kama viwanja vilivyopimwa.

Kwa sababu hiyo kuikata si kuiua. Wakulima wenyewe huikata au huichoma hadi chini kila baada ya miaka miwili. Mwaka wa kwanza inachipua tu, na mwishoni mwa kiangazi inaficha vichomozo vya maua kwenye ncha za matawi. Mwaka wa pili inachanua na kuzaa. Shamba wanaligawa nusu mbili, nusu inazaa na nusu inapumzika. Sasa ninyi mnaifyeka kila mwaka, tena kiangazi. Haifi, lakini haizai. Ni kama kumsomesha mtoto na kila mwaka kumtoa darasani siku moja kabla ya mtihani. Zile tulizoziona mwaka jana zilikuwa zimeponea kwa sababu mwaka juzi mashine iliharibika, nasi tukadhani mji umebadili utaratibu.

Sasa niwaambie nani anapoteza, maana ndoo yetu ya nyumbani ndiyo hasara ndogo kuliko zote.

Mwezi wa tano, kabla miti haijafunga kivuli, vichaka hivi vinatoa maua madogo meupe yenye wekundu kidogo, umbo la kengele, mdomo umeinama chini. Piga magoti uangalie. Chavua yake haiko wazi kama ya alizeti. Imefungiwa ndani ya vijimirija vyenye tundu nchani, kama chumvi ndani ya kikopo cha kunyunyizia. Anayejua kuitoa ni yule nyuki mnene mwenye manyoya. Anaikumbatia kengele kwa chini, mabawa anayatuliza, halafu misuli ya kurukia anaitetemesha mpaka ua zima linaimba kwa sauti nyembamba, na chavua inamwagika tumboni kwake. Nyuki wa asali ufundi huo hana. Yeye naye ni mhamiaji kama mimi, aliletwa kutoka Ulaya, na ingawa wakulima wakubwa hukodi maelfu ya mizinga yake kwa malori kila mwaka, kwa kila ua analolitembelea yule mnene anamshinda kazi.

Na mwezi ule wa tano nyuki wanene wanaoonekana ni malkia peke yao. Kila mmoja amelala ardhini majira yote ya baridi, ameamka na njaa, hana hata mfanyakazi mmoja, na familia nzima ya mwaka huo iko tumboni mwake. Akikosa chakula wiki hizo hakuna kundi. Mwaka 2017 serikali ya Marekani iliweka aina moja ya nyuki wa jamii hii, ambayo zamani ilikuwa ya kawaida hapa Maine, kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Wako pia nyuki wadogo wa mchangani, kila jike na shimo lake, wanaochimba hasa penye mchanga mkavu na jua. Ule mteremko wetu wenye nyasi mbovu, mnaouona aibu ya mji, kwao ni mtaa wa kifahari.

Majani nayo yanaliwa. Jamii ya bluberi katika Amerika Kaskazini inalisha zaidi ya aina 200 za viwavi wa nondo na vipepeo. Najua mtu akisikia viwavi anafikiria dawa ya kupulizia. Lakini muulizeni yule ndege mdogo mwenye kofia nyeusi na kidevu cheusi, chikadii, ambaye ndiye ndege rasmi wa jimbo. Kulea kiota kimoja mpaka vifaranga waruke, wazazi wanahitaji viwavi kati ya 6,000 na 9,000. Chakula cha ndege mnachouza dukani hakimfai kifaranga wa siku tatu. Zulia la nyasi lililotiwa dawa halina kiwavi hata mmoja wa kumpa.

Matunda sihitaji kuyatetea sana. Ndege wa kifua chekundu, bata mzinga wa mwitu, ndege wa jamii ya kwale wanaokaa msituni, mbweha, rakuni, kindi, wote wanakula, na wengi wao wanapanda pia, maana mbegu inapita tumboni salama na kuangushwa mbali pamoja na mbolea yake. Dubu mweusi ndiye mlaji mkubwa. Mwisho wa kiangazi anakula mchana kutwa akijaza mafuta ya kulalia. Mwaka ambao matunda ya porini yanakosekana, ndipo anaposogelea mapipa ya taka na vilishio vya ndege vya watu. Kuna atakayesimama kikaoni aseme mnataka kutuletea dubu. Dubu hafungi safari kuja mjini kwa mteremko wa hatua sitini. Anakuja kwa mapipa yasiyofungwa, na hilo nalo lina tangazo lenu la Kiswahili. Na hata theluji ikishaanguka biashara haijaisha, kwa kuwa kulungu na yule sungura anayegeuka mweupe wanatafuna vijiti na vichomozo vinavyochungulia juu yake.

Mkitaka kuona jinsi eneo kubwa linavyotunzwa, nendeni Kennebunk Plains, kusini mwa jimbo. Ni ardhi ya hifadhi, bluberi na nyasi za asili, inayochomwa moto na wataalamu kwa ratiba ili miti isiifunike. Wanataga pale ndege ambao jimboni humu wamebaki wachache, kama yule shomoro mdogo anayelia kama panzi. Siwaombi mchome moto nyuma ya uwanja wa watoto. Mashine ileile mliyonayo inatosha, ikipita kwa wakati wake.

Ninachoomba ni hiki. Mteremko ugawanywe nusu, na kila mwaka ifyekwe nusu moja tu, mwishoni mwa vuli majani yakishaanguka au mapema kabla chipukizi hazijaamka, chini kabisa. Nusu ya pili isiguswe. Chokaa ikome, hilo ndilo kubwa kuliko yote. Bluberi inataka udongo mchachu, kipimo cha uchachu (pH) kati ya 4 na 5, na kila gunia la chokaa mnalomwaga linawafungulia mlango nyasi na magugu na kuinyima bluberi chakula chake. Mizizi yake ni miembamba kama nywele na inaishi kwa ushirika na kuvu wa udongo huo mchachu. Waliokaa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, watanielewa haraka. Tulipokuwa tunatafuta uyoga kwenye miombo ya Kigoma, tulijua uyoga fulani unafuata mti fulani, ukikata mti usirudi tena na kikapu. Hapa ni vilevile, isipokuwa huyu kuvu humwoni.

Penye mapengo, pandeni. Vitalu vya mimea ya asili vya humu jimboni vinauza miche ya bluberi fupi, na mahali panapochimbwa msingi wa nyumba kwenye ardhi ya aina hii mtu anaweza kuomba mabonge ya udongo na mizizi yake kabla tingatinga halijaingia. Chukueni kutoka sehemu mbalimbali, maana mmea mmoja hauzai vizuri kwa chavua yake wenyewe. Unataka jirani asiye ndugu. Juu yake tandazeni magome ya msonobari au majani yake makavu yaliyo kama sindano, unene wa vidole vitatu, na mwaka wa kwanza mmwagilie kweli. Halafu msubiri. Mmea huu unatembea polepole, na mwaka wa kwanza na wa pili mtu atapita aseme pesa imetupwa. Mimi mwenyewe nilipanda sita uani nikang'oa mmoja mwaka uliofuata nikidhani umekufa. Chini ulikuwa na shina jeupe refu kama kalamu, liko safarini kuelekea uzio wa jirani. Niliufukia kwa aibu.

Kuhusu kupe, hoja hiyo naiheshimu. Ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kuumwa na kupe, si mzaha katika jimbo hili. Mtu wa kanisani kwetu aliugua miezi. Sitasema kichakani hakuna kupe. Ninasema kupe anapenda kivuli, unyevu, majani yaliyooza na nyasi ndefu, wakati pale ni jua na mchanga mkavu. Wekeni njia ya mita moja na nusu iliyofyekwa fupi kuzunguka na katikati, watu wapite bila kugusa majani, na kibao cha kukumbusha wazazi kukagua watoto. Kibao hicho nitawatafsiria bure. Dawa ya kuua magugu naomba isikaribie. Watoto watakula pale wakiwa wamesimama, bila kuosha, kama sisi tulivyokula zambarau, na ulimi utawashtaki jioni kwa rangi ileile.

Wavu wa mbele ya jengo la mji utoeni. Kama lazima ndege wazuiwe, uko wavu wa matundu madogo yasiyoingia kidole, uvutwe ukazane juu ya fremu, usilegee. Lakini kule mbele sidhani kama kuna mtu amewahi kuona mjumbe yeyote akichuma.

Jumamosi iliyopita theluji ya mwisho iliondoka kwenye mteremko. Mimi na binti yangu tulikwenda na nyundo, tukapigilia vijiti thelathini na nne kuzunguka viraka tunavyovijua, kila kijiti na kitambaa chekundu cha kanga ya mama yake iliyochakaa. Dereva wa mashine akiviona asidhani ni uchawi. Ageuze pale tu. Na kama atataka kujua alichoacha, nyumba yetu ni ile ya kijani juu ya mteremko, mwezi wa nane aje na ndoo.

Ndimi mkazi wenu,
Baba wa yule msichana wa bluberi